Binti amefungiwa na theluji Boston: jiko la mkaa lisiingie ndani

Swali: Mimi ni mama wa Nkuhungu, Dodoma. Binti yangu anasoma Boston, Marekani, na anaishi na mwenzake ghorofa ya tatu katika nyumba ya mbao ya kupanga. Wametangaziwa dhoruba kubwa ya theluji na wameambiwa wajiandae kukaa ndani siku mbili au tatu. Nimemshauri atafute jiko dogo la mkaa ili umeme ukikatika apate kuota moto. Je, nimemshauri vyema? Na aandae nini kingine?

Jibu: Mama, shikamoo. Nimeisoma barua yako mara mbili, na naanza na jambo ambalo nisingependa usiku upite kabla halijamfikia binti yako: jiko la mkaa lisiingie kabisa ndani ya nyumba ile, hata umeme ukikatika, hata akiwa anatetemeka, hata kama atafungua dirisha kidogo. Najua ushauri wako umetoka kwenye uchungu wa mzazi na kwenye mazoea ya kweli, kwa sababu hapa kwetu, mwezi wa saba unapoingia na upepo wa kipupwe ukaanza kupenya kila mahali, ni kawaida jiko kuwashwa uani, mkaa ukakolea, kisha likaingizwa ndani wazee na mama wazazi wapate joto. Nyumba ya Boston, hata hivyo, imejengwa kwa nia iliyo kinyume na ya nyumba zetu. Nyumba nyingi za Dodoma zina mwanya kati ya ukuta na bati, zina nafasi chini ya mlango na madirisha ya nyavu ambayo hayazibi upepo hata yakifungwa. Hata ndani ya tembe la Wagogo, moshi wa kuni hupata pa kutokea. Nyumba ya binti yako imezibwa ili joto lisitoke, na kila kinachozuia joto kutoka huzuia pia hewa chafu kutoka.

Mkaa unaowaka hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi, ambayo isichanganywe na ile hewa ukaa inayotajwa kila siku kwenye habari za mabadiliko ya tabianchi. Gesi hii haina rangi wala harufu, haikwaruzi koo na haitoi machozi, na ndiyo maana watu hudanganyika kwamba mkaa uliokolea vizuri na kuacha kufuka moshi umekuwa salama. Ikivutwa huingia kwenye damu na kuing'ang'ania himoglobini, ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200, hata mwili ukawa unavuta pumzi kama kawaida huku ubongo na moyo vinakosa hewa. Mtu huanza kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na kulegea viungo, akadhani ni uchovu au homa, akaamua kujinyoosha kitandani. Akishalala huenda asiamke.

Katika kazi yangu ya kupokea wagonjwa wa dharura hapa Dodoma nimewahi kuletewa mama mzazi na kichanga chake, waliolala na jiko chumbani usiku wa baridi. Ndugu aliyewaleta alinisisitizia mara kadhaa kwamba hapakuwa na moshi wowote, na alikuwa anasema kweli: alikuwa amelichungulia lile jiko akakuta ndani yake jivu jeupe na vipande viwili vya mkaa vyenye wekundu hafifu. Mama na mtoto walipona, kwa sababu mlango ulifunguliwa mapema na nyumba yenyewe ilikuwa na mianya. Katika chumba cha Boston kilichofungwa vizuri, nisingetegemea bahati hiyo ijirudie.

Hatari hiyo haiko kwenye mkaa peke yake. Oveni ya gesi isiwashwe na kuachwa wazi ili kupasha chumba joto. Jenereta isiwashwe ndani, wala kwenye ngazi, wala kwenye veranda iliyo karibu na dirisha. Gari lisiwashwe kabla bomba lake la moshi halijafukuliwa kutoka kwenye theluji, kwani mwaka 2013, wakati wa dhoruba ya Februari, mvulana mmoja mjini Boston alifariki akiwa ameketi ndani ya gari linalounguruma kusubiri baba yake afukue theluji, na moshi wa gari lile haukuwa na njia ya kutoka. Texas nayo, mwezi kama huo mwaka 2021, baridi isiyozoeleka iliangusha mfumo wa umeme na mamilioni ya nyumba zikakaa gizani kwa siku kadhaa. Serikali ya jimbo ilihesabu vifo 246, na miongoni mwao walikuwamo watu waliouawa na gesi hii baada ya kuingiza ndani vyanzo vya moto visivyostahili kuwamo.

Kuna njia nyingine ya gesi hii kuingia ndani ambayo huku kwetu hatungeifikiria. Katika nyumba nyingi za kule joto hutokana na boila, yaani mtambo wa kuchemshia maji ya kupasha nyumba, iliyo chumba cha chini kabisa, na moshi wake hutolewa kwa bomba la chimni au kwa bomba fupi linalotokea ubavuni mwa nyumba, karibu na ardhi. Theluji ikirundikana ikaziba bomba hilo la ubavuni, gesi hurudi ndani. Mwaka 2005, huko huko Massachusetts, msichana wa miaka 7 alifariki kwa sababu hiyo hasa, na jimbo likatunga sheria inayojulikana kwa jina lake, Sheria ya Nicole, ambayo tangu 2006 inataka nyumba za kuishi ziwekwe kifaa kinachotambua kaboni monoksaidi na kupiga king'ora. Binti yako amuulize mwenye nyumba leo, kabla dhoruba haijaanza, bomba la boila linatokea wapi na nani atalisafisha theluji ikizidi. Swali hilo si utovu wa adabu kwa mpangaji, na mwenye nyumba mwelewa atalijibu mara moja.

Sasa nikueleze dhoruba yenyewe, kwa sababu nadhani sehemu ya hofu yako inatokana na kutoijua. Dhoruba za pwani ile huitwa kwa jina la upepo wake, upepo wa kaskazini-mashariki. Hewa baridi na kavu inayoshuka kutoka Kanada hukutana na hewa yenye unyevu na vuguvugu iliyotoka upande wa bahari ya Atlantiki, kisha eneo la mgandamizo mdogo wa hewa husafiri kufuata pwani likivuta unyevu baharini na kuumwaga nchi kavu kama theluji. Kwa makadirio ya kawaida, theluji ya sentimita 60 ikiyeyushwa hutoa maji ya milimita 60 tu, yaani mvua ambayo Dodoma inaweza kuipata kwa siku moja ya Januari ikiamua kunyesha kweli. Maji yetu lakini hukimbilia makorongoni yakapotea, ilhali theluji hubaki pale pale ilipoangukia, na upepo huisukuma ikajaa kwenye milango na vichochoro. Mamlaka ya hali ya hewa ya Marekani huihesabu dhoruba kuwa ya kiwango cha juu pale upepo unapofikia kilomita 56 kwa saa na mtu asione zaidi ya mita 400 mbele yake, hali hiyo ikadumu saa 3 mfululizo.

Nilisoma katika mji huo, na majira ya baridi ya mwaka 2015 nilikuwa nikikaa ghorofa ya tatu ya nyumba ya mbao kama ya binti yako. Msimu ule Boston ilipata theluji ya inchi 110.6, zaidi ya mita 2.8, na sehemu kubwa yake ilianguka ndani ya majuma machache kuanzia mwishoni mwa Januari. Februari 10 treni za mji hazikutembea siku nzima. Asubuhi ya kwanza nilishuka nikafungua mlango wa chini, unaofungukia ndani, nikakuta ukuta mweupe uliofika kiunoni, na ukuta ule ulikuwa umepigwa chapa ya mlango wenyewe: mistari ya mbao zake na shimo dogo la mviringo pale kitasa kilipokuwa. Kilichonishtua zaidi kilikuwa kimya. Theluji mpya hunyonya sauti, na mtaa ambao siku zote una makelele ya magari ulikuwa kimya kama kijiji usiku wa manane. Nakuambia haya ili binti yako akikusimulia usidhani kwamba mji umepatwa na maafa. Boston imeyazoea, ina magari ya kusukuma theluji, na mara nyingi dhoruba yenyewe humalizika ndani ya siku moja hivi, na zile siku za ziada huwa ni za kufungua barabara.

Kuhusu joto la nyumba, ghorofa la kule halipashwi kwa moto unaouona. Ukutani, chini ya dirisha, kuna rejeta ya chuma ambamo hupita mvuke au maji ya moto kutoka kwenye boila, na usiku husikika ikigonga na kupuliza kama sufuria yenye mfuniko. Kanuni za Massachusetts zinamtaka mwenye nyumba aweke mfumo unaoweza kufikisha nyuzijoto 20 za Selsiasi mchana na karibu 18 usiku katika msimu wa baridi, kwa hiyo rejeta ikipoa binti yako ampigie mwenye nyumba, na asiposikilizwa apige 311, namba ya huduma za jiji. Asiifunike rejeta kwa nguo za kukausha wala asiizibe kwa kitanda. Ajue pia kwamba boila nyingi, hata zile zinazotumia gesi, huhitaji umeme ili kuendesha pampu na vidhibiti vyake, hivyo umeme ukikatika joto nalo huenda likaondoka, ingawa haliondoki papo hapo. Nyumba iliyofungwa hupoa polepole kwa saa nyingi, na saa hizo humtosha mtu kujipanga bila hofu.

Hapo ndipo atakapofanya kile ambacho jiko la mkaa lingekuwa kisingizio cha kutokifanya. Yeye na mwenzake wachague chumba kimoja, kidogo kuliko vyote na kisicho na madirisha mengi, wahamie humo na magodoro yao, wafunge milango mingine na kuziba nafasi ya chini ya mlango kwa taulo lililoviringishwa. Mapazia yafunguliwe jua likiwaka na kufungwa mara linapozama. Wavae nguo nyepesi kadhaa moja juu ya nyingine badala ya koti moja zito, ya ndani kabisa isiwe ya pamba inayoshika jasho, na sweta na soksi ziwe za sufu. Vitenge ulivyompakia vitamfaa zaidi kama shuka la juu ya blanketi kuliko kama vazi. Kofia avae hata ndani. Walale karibu karibu, kwa maana mwili wa binadamu ni chanzo cha joto kisichohitaji umeme. Umeme ukiwapo na wakitaka kuongeza joto kwa hita ya umeme, ikae mita moja kutoka kwenye pazia na kitanda, ichomekwe moja kwa moja ukutani na si kwenye waya wa kuunganishia, na izimwe wanapolala. Kwa mwanga watumie tochi. Mishumaa tunayoitegemea sisi umeme ukikatika ni hatari katika nyumba ya mbao iliyojaa mablanketi.

Mwenzake akianza kutetemeka bila kukoma, au, jambo baya zaidi, akaacha kutetemeka huku maneno yake yanakokota, mikono haishiki vizuri na usingizi unamlemea, mwili wake unapoa kupita kiasi, yaani joto la ndani linashuka chini ya nyuzi 35. Apige 911, namba ya dharura ya kule. Wakati wa kusubiri, nguo zenye unyevu zivuliwe, kifua na tumbo vipashwe kwanza kwa mablanketi makavu na kwa mwili wa mtu mwingine, apewe kinywaji cha moto chenye sukari ikiwa yuko macho na anaweza kumeza, na asisuguliwe mikono wala miguu. Pombe isitumike kabisa, kwa sababu humfanya mtu ajisikie joto huku joto lake linatoroka kupitia ngozi.

Katika suala la maji wewe ni mwalimu kuliko mimi. Familia iliyowahi kungoja mgao wa maji hapa Dodoma inajua kukinga ndoo mapema. Kinachopendekezwa kule ni takriban lita 4 kwa mtu kwa siku, kwa hiyo ndoo moja ya lita 20 pamoja na chupa kadhaa zitawatosha wawili kwa siku tatu za kunywa na kupikia, na beseni la kuogea lijazwe kwa ajili ya kumwagia chooni. Jambo lililo geni kwetu ni mabomba kuganda. Maji yanapogeuka barafu hutanuka kwa karibu asilimia 9, na bomba lililojaa hupasuka kama chupa ya soda iliyosahauliwa kwenye friza. Baridi ya nje ikishuka hadi nyuzi 6 chini ya sifuri na zaidi, waache bomba lililo kwenye ukuta wa nje litiririshe uzi mwembamba wa maji, na wafungue milango ya kabati lililo chini ya sinki ili joto la chumba lilifikie bomba. Wajue pia valvu kuu ya kufunga maji iko wapi.

Chakula hakinisumbui sana. Kama jiko lao ni la umeme, umeme ukiondoka ugali na mlenda vitasubiri, kwa hiyo wawe na mkate, karanga, ndizi, maziwa ya unga, samaki wa kopo na kifungulia kopo cha mkono. Friji isipofunguliwa hutunza chakula kwa saa 4, na friza iliyojaa kwa saa 48. Wasitoe nyama nje kuiweka kwenye theluji, kwa sababu jua la mchana huweza kuipasha na wanyama huifikia; wagandishe chupa za maji nje kisha waziingize ndani ya friji. Dawa anazotumia kila siku zitoshe juma zima.

Nje asitoke dhoruba ikiwa inaendelea, hata kama duka liko ng'ambo ya barabara. Kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri, upepo wa kilomita 50 kwa saa huifanya ngozi ipoteze joto kana kwamba ni nyuzi 22 chini ya sifuri, na theluji inayopeperushwa humfanya mtu asione hata mkono wake. Desemba 2022 mji wa Buffalo, ambao umezoea theluji kuliko Boston, ulipoteza zaidi ya watu 40 pamoja na vitongoji vyake. Wengine walikutwa nje, wengine ndani ya magari yaliyonasa, wengine majumbani mwao baada ya joto kukatika, na kwa muda magari ya dharura yenyewe hayakuweza kupita. Dhoruba ikitulia, atoke na kiatu kisichoteleza, atembee mbali na kingo za mapaa ambako miiba ya barafu huning'inia na kuanguka. Kama kuna mzee katika ghorofa za chini, agonge mlango wake amjulie hali na ajitolee kushika chepe badala yake, kwani kufukua theluji nzito katika baridi kali huuelemea moyo na kila msimu wapo wazee wanaoanguka wakiifanya kazi hiyo. Wewe umemlea katika ujirani. Kule majirani huweza kukaa mwaka bila kujuana majina, na siku ya theluji ndiyo huwa nafasi ya kubisha hodi bila kuonekana mwingilizi.

Kuhusu mawasiliano, simu yake ijazwe chaji mapema pamoja na pawabenki, na ikae mfukoni karibu na mwili, maana betri hudhoofika kwenye baridi. Msipige kila saa, ingawa najua moyo utataka. Wakati huu wa mwaka Boston iko nyuma yetu kwa saa 8: ukimtafuta saa mbili usiku, kwake ni saa sita mchana, ukiamka saa kumi na moja alfajiri, kwake ni saa tatu usiku, kabla hajalala. Nyakati hizo mbili zinatosha, na ujumbe mfupi wa maandishi hupita hata mtandao ukiwa dhaifu. Akuandikie mambo matatu tu: joto lipo au halipo, maji yapo au hayapo, kichwa kinauma au hakiumi. La tatu usilipuuze. Wote wawili wakiumwa kichwa kwa wakati mmoja na wakapata nafuu wakifika kwenye hewa ya nje, watoke mara moja na kupiga 911 wakiwa nje. Huo ndio wakati pekee ambao ningewaambia waikabili theluji.

Usiku huu, kabla dhoruba haijaanza, mpigie simu ya video na umwombe akuonyeshe kifaa cha kaboni monoksaidi kilipo. Mara nyingi huwa ni kisanduku cheupe cha plastiki ukutani au kwenye dari, karibu na vyumba vya kulala, chenye kitufe cha majaribio. Abonyeze kitufe hicho ukiwa unasikiliza. Kikilia, muage alale. Kisipolia, abadilishe betri au ampigie mwenye nyumba usiku huo huo, nawe usikate simu mpaka uusikie mlio wake.